Upasuaji wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: tupeane uzoefu

Wakuu, nilifanyiwa upasuaji wa henia, nikaingia asubuhi, jioni niko nyumbani. Kabla ya kuruhusiwa nesi akaniuliza, "Umeshakojoa?" Nikaona haya mbele za watu, nikasema ndiyo. Bado. Nilikuwa nimechomwa sindano ya mgongo, na ganzi ile hulaza hata mishipa ya fahamu ya kibofu. Saa nne usiku tumbo la chini limevimba, mkojo hautoki, jasho linanitiririka. Nikarudishwa kuwekewa mpira. Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Mama Watatu: Pole mkuu. Mimi uongo wangu ulikuwa wa msindikizaji. Waliniambia lazima nichukuliwe na mtu mzima, na alale nami usiku huo. Nikamwonyesha nesi dereva wa teksi, eti mdogo wangu. Usiku nimeamka kwenda chooni, kizunguzungu, nikaanguka, kidonda kikafumuka. Mimi niko sakafuni bafuni, simu iko kitandani.

Tulizo: Mimi jioni ile ile nilijibu barua pepe na kukubali mkataba. Sikumbuki kuandika hata neno moja. Wanaposema saa 24 usiendeshe gari wala usisaini kitu, wasikilizeni.

Nesi wa Zamu: Naomba niwajibu, maana nafanya kazi chumba cha kuzindukia. Tunatumia alama za Aldrete, zipo tangu 1970: kupumua, presha, fahamu, oksijeni na kutikisa viungo, kila kimoja 0 hadi 2. Kwa kawaida ukifika 9 kati ya 10 unatoka kwetu. Lakini alama hizo zinasema unaweza kutoka chumba kile, hazisemi unaweza kwenda nyumbani. Kwa nyumbani tunatazama mengine: unatembea bila kuyumba? Maumivu yanatulizwa na vidonge? Unatapika? Damu je? Nani anakungoja? Mengi kati ya haya tunategemea mdomo wako, ndiyo maana uongo wa Mama Watatu umenichoma.

Kuna na la kukoroma. Mgonjwa akiulizwa kama pumzi humkatika usingizini, anakataa katakata, halafu mkewe anacheka pale nyuma. Huyo nikimpa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini akaenda kulala, anaweza kuacha kupumua. Namshukuru sana mke anayecheka.

Kono Moja: Mimi nilipigwa ganzi ya mkono mzima. Raha tupu, nikapuuza vidonge. Saa tisa usiku ganzi ikaachia kwa mkupuo, nililia kama mtoto. Kumbe niliambiwa nimeze kabla haijaisha. Na asubuhi nikagundua lengelenge: niliuegemeza kwenye birika la moto bila kujua.

Mama Watatu: @Nesi, nisamehe mwaya 😂

Baba K: Wangu alitolewa mafindofindo. Siku ya kwanza shwari, ya pili shwari, tukaacha kuhesabu. Siku ya saba usiku mama yake akamsikia anameza mate mfululizo huku amelala. Tukawasha taa: ilikuwa damu. Tulishaambiwa kwamba gaga likibanduka, damu inaweza kurudi hata baada ya wiki, na kumezameza ndiyo dalili. Mimi nilikuwa nimesahau. Mama yake alikuwa ameibandika ile karatasi mlangoni, na namba ya zamu ya usiku ameipigia mstari.