Ofisi ya udahili imesoma pointi za kijana wetu kinyume

Kutoka: Shangazi, Leicester
Wanatabora wenzangu, wakubwa shikamooni. Mtoto wa kaka yangu yuko Kidato cha Sita hapo Tabora mjini, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na anaomba nafasi ya kusomea uhandisi hapa Uingereza. Jana ofisi ya udahili ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, imemjibu kwamba matokeo yake ya Kidato cha Nne hayafikii kiwango. Kijana huyo ana Daraja la Kwanza la pointi 9! Naamini aliyekisoma cheti alidhani kwamba pointi nyingi ndizo bora, kama zilivyo za UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya huku, ambako A moja ya A-level, mtihani wa huku wa kumaliza sekondari, ina pointi 48. Naomba mnisaidie: kwa matokeo hayo, na kwa kuwa mtihani wake wa Kidato cha Sita wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ni Mei, mnaionaje nafasi yake?

Kutoka: Mwenzenu, Columbus
Pole sana, dada. Yalitupata hayo kwa binti yetu. Usibishane nao kwa maneno yako mwenyewe. Mwombe mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri, inayoeleza kwamba A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, kwamba yanahesabiwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi, na kwamba Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17. Sisi tulipoipeleka barua hiyo, jibu lilibadilika. Kijana pia asiisahau Marekani, kwa sababu vyuo kama MIT, Yale na Amherst humchagua mwombaji wa kigeni bila kuangalia kama ana ada.

Kutoka: Mama wawili, Reading
Kaka, madaraja umeyaeleza sawasawa, lakini umeliacha jambo zito. Kidato cha Nne huku kinalinganishwa na GCSE, mitihani ya huku ya kabla ya A-level. Kinachoamua ni Kidato cha Sita, na kwa kuwa matokeo hayo hutoka Julai, chuo kinategemea makisio ya alama yanayoandikwa na walimu. Shule zetu nyingi hazijazoea kuyaandika. Mwanangu alipoomba, mwalimu wake aliandika, kwa nia njema kabisa, kwamba anatarajiwa kufaulu vizuri, na chuo kikamrudishia maombi. Makisio yaandikwe somo kwa somo, Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa kufuata moko, yaani mtihani wa majaribio. Na tafadhali, dada ameuliza habari za Uingereza.

Kutoka: Mwenzenu, Columbus
Nimeelewa alichouliza. Nimetaja Marekani kwa sababu udahili pekee haumvushi mtoto: viza ya Uingereza inadai ada ya mwaka wa kwanza na fedha za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo. Familia ngapi za Tabora zina akiba ya namna hiyo?

Kutoka: Mzee wenu, Edinburgh
Wanangu, msigombane. Mwalimu Nyerere alisoma Shule ya Tabora, akafundisha St. Mary's mjini humo humo, na mwaka 1949 akaja kusoma katika mji huu ninaoishi. Inaniuma kwamba mtoto wa Tabora leo anarudishwa mlangoni kwa sababu ya namba isiyoeleweka, ilhali njia hii imekanyagwa na watu wetu kwa zaidi ya miaka 70. Huko nyumbani sasa ni msimu wa maembe, naye yuko bwenini akiisubiri barua pepe. Msimwache.

Kutoka: Shangazi, Leicester
Nawashukuru nyote, shikamoo, mzee. Barua ya madaraja nitaiomba kesho asubuhi kwa mkuu wa shule. Kuhusu makisio, dada wa Reading, nimezungumza na kaka yangu usiku huu, naye ameniambia kwamba moko ya shuleni kwao hufanyika Februari, wakati dirisha kuu la UCAS linafungwa Januari. Je, walimu wakisie kwa mitihani ya Kidato cha Tano? Na kuna yeyote ambaye chuo kilimkubalia makisio ya namna hiyo?