Kiwanja cha ufukweni Luchelele, hizi mita 60 zinapimwa kuanzia wapi?

MtotoWaIgoma:
Wakuu habari za jioni. Nimepata kiwanja Luchelele, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, tambarare mpaka majini kabisa, ukikaa pale saa moja jioni unaona mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake yaani roho inatulia. Dalali anataka milioni 14. Anasema kutoka majini mpaka bikoni ya kwanza ni mita 70, kwa hiyo zile 60 za sheria za kutojenga karibu na maji tumeziruka, tena kapima na futi kamba mbele yangu. Sasa shemeji yuko Dar kasikia nataka kununua akapiga simu mbio, eti bahari inapanda dunia nzima nitakuja kulia. Kweli itafika huku? Na hizo mita 60 zinaanzia wapi hasa, maana maji yenyewe sioni kama yanatulia sehemu moja

Kamongo_Mkavu:
😂😂 Mwambie shemeji ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, bahari ikifika Luchelele ujue Dar ilishasahaulika. Bahari inapanda kwa sababu barafu inayeyuka na maji yakipata joto yanatanuka, hiyo ishu ni ya Pangani na Dar, kule Pangani kuna kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti yake leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa hulioni. Huku kwetu shida ni mvua. Maji mengi ya ziwa yanadondoka kutoka juu, mito hata ukiweka Kagera inachangia kidogo tu. Ila shemeji kakosea sababu, ushauri hajakosea

Jembe la Buhongwa:
Wakulaumiwa ni Waganda bwana. Bwawa la kutolea maji ya ziwa liko kwao Jinja, wafungue mageti yote tuone kama kuna mtu atapata mafuriko tena

Kamongo_Mkavu:
Hebu tupige hesabu basi. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, ukitaka kushusha sentimita moja tu unatakiwa umwage mita za ujazo milioni 688. Wakifungua wakamwaga mita za ujazo 2,400 kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku unashuka milimita tatu, hapo mvua isinyeshe hata tone na Kagera ikauke. Na yakimwagwa hayo si kuna watu chini kule kwenye Nile nao wana nyumba zao

Mama Chemba:
Kaka mwanzisha mada nisikilize mimi niliyepigwa. Nyumba yangu ya kupangisha ilikuwa mbali na maji, nje kulikuwa na bustani ya mchicha na baada ya mchicha kuna matete ndio ziwa. 2024 ule mwezi wa tano maji yalikuja kimyakimya, si kama Mto Mirongo unaokuja na kelele ukajua leo kuna balaa. Kwanza chemba ya choo ikajaa, nikaita gari la maji taka wakanyonya nikalipa, kesho yake imejaa tena, fundi kufunua mfuniko anakuta maji meupe masafi na visamaki vinazunguka, akaniambia mama hapa unanyonya ziwa. Wapangaji wote wanne wakahama ndani ya wiki mbili. Na mimi nilipimiwa hivyohivyo kwa kamba, na mtu mwenye ofisi yake kabisa akagonga muhuri, ila alinipimia mwezi wa tisa wakati wa kiangazi maji yako hukooo. Nilipomrudia akaniambia wewe ndio umelifuata ziwa

Babu wa Kirumba:
Wajukuu, mwaka 61 mvua zilianza hazikukoma, mpaka 64 ziwa lilikuwa limepanda kama mita mbili na nusu. Wazee waliofunga mitumbwi kwenye miti ya nyumbani si hadithi. Halafu 2006 likashuka sana, watu wakalima mpunga na kujenga kwenye ardhi ambayo ni ya ziwa, ndio hao waliohamishwa na maji 2020. Na 2024 Jinja kipimo kilisoma mita 13.66, ile rekodi ya 64 ikapitwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni, sawa, lakini ukingo unatembea na bikoni haitembei. Kwangu mimi ungepima kutoka pale maji yalipofika 2024. Mahali tambarare kama hapo unaposifia, pakiwa panapanda mita moja kila hatua ya mita 50, ziwa likiongezeka mita moja tu limekula 50 zako, unabaki na 20 na chemba ya huyu mama.

MtotoWaIgoma:
Shikamoo babu, na mama pole sana aisee. Leo nimerudi pale bila dalali. Jirani ana kibanda cha kuwekea nyavu, kanionyesha ukutani mstari wa tope wa 2024, unanifika gotini. Kibanda chenyewe kiko nyuma ya kile kiwanja, sio mbele. Nimepiga hatua kutoka pale kwenda juu nikaishia kwenye shamba la mihogo la mtu mwingine kabisa. Dalali kanipigia sasa hivi anasema kwa ajili yangu ameshusha mpaka 9, sijamjibu. Huyo wa mihogo kuna anayemfahamu?