Eti tofauti ya Windows 98 na XP ni KILIMA! Huyu fundi wetu wa Kariakoo sasa basi

Bwana Stoo:
Wakuu, natoka Kariakoo sasa hivi, niko kwenye mwendokasi nimesimama, CPU nimeikumbatia, hasira hazijapoa.

Yule fundi mnamjua. Wa ghorofani, miwani juu ya kipara, anayekupokea kwa "umekuja na hela au umekuja na shida?" Jina simtaji, hakuna haja.

Nilimpelekea mashine ya dukani kwa mzee wangu, ina Windows 98, abadilishe feni. FENI. Kwenda kuichukua naambiwa "nimekupigia na Windows XP humo kijana wangu, ushukuru." Nikamuuliza, mzee, XP ya nini wakati mle kuna programu ya stoo ya enzi za DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri? Akageuza monita iwatazame wateja wote, akanyoosha bisibisi kwenye ile picha ya nyuma: "Unakiona hiki kilima? Zamani hukuwa na kilima. Tofauti ndiyo hiyo."

Kilima, wakuu!! Watu wakacheka. Muuza kahawa aliyekuwa anapita akatua birika chini ili acheke vizuri.

98 imekaa juu ya DOS, yeye na 95 na ile ME ya mwaka 2000. XP ya 2001 ni ukoo wa NT, mfumo mwingine wa Microsoft usiokaa juu ya DOS, ndugu yake ni Windows 2000, DOS humo inaigizwa tu. Programu ya zamani iliyozoea kugusa maunzi moja kwa moja inazuiwa mlangoni. Nimeiwasha palepale, inafunguka, inajifunga. Namwonyesha, anasema "subiri izoee kilima."

IZOEE KILIMA.

Na RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, ni MB 64, kiwango cha chini kabisa cha XP. 98 ilikuwa inaridhika na MB 16. Sasa hivi ukiiwasha, kile kimstari kinatembea mpaka uoe, uzae, upate wajukuu. Bili elfu kumi na tano: feni tano, kilima kumi. Yaani kilima ghali kuliko feni!

Chogo la Tabata:
Nimekaa siti ya mbele, nina karanga.

Mama Ntilie IT:
Bado una 98? Microsoft waliacha kuihudumia Julai 2006. Duka la mzee wako linauza nini, vipuri vya meli ya Vasco da Gama?

Bwana Stoo:
Dada yangu, na XP waliiacha Aprili 2014. Kwa hiyo amenitoa kwa marehemu akanipeleka kwa marehemu, na kilima juu.

Kipanga wa Mbagala:
Tusimwonee fundi. 98 nywila yake ilikuwa pambo, unabonyeza Cancel unaingia. Flashi mpaka utafute draiva. XP unachomeka, inasoma. Halafu ile skrini ya bluu 98 ikigoma mmeisahau?

Bwana Stoo:
Mkuu, flashi imeingiaje hapa? Mtu mzima ananinyooshea KILIMA kwa bisibisi mbele za watu!

Msukule wa Vista:
Wewe umepata kilima unalia. Mimi fundi huyohuyo alinipigia Vista, ile Windows iliyokuja baada ya XP. Hata kurekebisha saa inaomba ruhusa. Nikarudi kumlalamikia, akaniambia "mashine yako ina adabu."

Kipanga wa Mbagala:
😂😂 Ni yeye kabisa huyo.

Mtoto wa Lushoto:
Ila kile kilima ni cha kwetu. Ukipandisha Soni unakiona.

Nyanda za Juu:
Acha uongo, hiyo ni Kitulo kabla maua hayajachanua.

Mama Ntilie IT:
Jamani! Kipo California, Charles O'Rear alikipiga picha 1996. Akiwa barabarani.

Mtoto wa Lushoto:
Uliwahi kufika Soni lakini?

Bwana Stoo:
Wakuu turudi kwenye mada, mzee wangu ananipigia simu, anataka kujua stoo imebaki mikanda mingapi ya feni.

Nyanda za Juu:
Mwambie ahesabu kwa mkono. Aliyewahi kufika Kitulo aje hapa athibitishe.

Mzee wa Stationari:
Nyie mnacheza. Juzi nimechapa barua za kikao cha harusi, flashi ya mteja ikaingiza kirusi, folda zote zimegeuka shotikati. Mteja ananidai mimi!

Msukule wa Vista:
Kikao cha harusi? Mimi nimechangishwa mbili mwezi huu, na mmoja simjui hata kwa sura.

Mama Ntilie IT:
Umechangia shilingi ngapi? Maana huku kwetu wameweka kima cha chini laki, na kadi ni ya mtu mmoja.

Chogo la Tabata:
Nauza monita ya chogo, inchi 17, haina mkwaruzo. Elfu ishirini, maongezi yapo.

Mzee wa Stationari:
Inbox.