Pikipiki mpya haitulii: itengenezwe tena, ibadilishwe, pesa zirudi, au mahakamani?

Kijana wa Muyeye

Salaam wakubwa kwa wadogo. Nimechukua pikipiki ya 150cc hapa Malindi mjini, mpya, kiti bado kina nailoni. Haijamaliza miezi mitatu na mafundi wa duka wameshanijua kwa jina. Ilianza kwa kukata moto njiani. Wakabadilisha plagi, ikarudia. Wakabadilisha CDI, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, ikatulia kidogo, ikarudia. Sasa imeongeza la pili: betri haishiki chaji, stata kimya, napiga kiki mpaka abiria anashuka na kupanda ya mwenzangu. Juzi imenizimikia juu ya daraja la Sabaki na nyuma yangu kuna basi.

Meneja jibu lake ni moja tu: "Ilete tuiangalie." Waranti ni miezi sita. Na nimeichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Pikipiki ikilala gereji, mkopo haulali.

Nisaidieni kupima. Niendelee kutengenezewa, nidai nyingine, nidai pesa, au niende mbele zaidi? Jina la duka sitaji, msiniulize.

Fundi Barani

Kabla ya sheria tuanze na chombo. Kukata moto na betri kukosa chaji, mimi naona huenda ni ugonjwa mmoja. Kama CDI yako inakula umeme wa betri, betri ikianguka moto nao unakata. Hapo plagi haina kosa. Cha kupima ni koili inayozalisha umeme ndani ya injini (si stata ya kuwashia), regyuleta inayodhibiti chaji, na waya wa ethi. Washa injini, vuta mafuta kidogo, weka mita kwenye betri: ikichaji vizuri utaona baina ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, haichaji. Ni kazi ya dakika kumi. Mtu anayebadilisha spea moja moja bila kupima anabahatisha, na siku zinazokwisha ni za waranti yako.

Swali: umefunga taa za ziada, redio, chochote? Na traka ya wenye mkopo, ile ya kufuatilia chombo kilipo, ilifungwa na nani?

Kijana wa Muyeye

Taa za ziada sina. Traka walifunga watu wa mkopo, palepale dukani, siku ya kuichukua. Meneja majuzi kaanza kusema eti traka ndiyo inanyonya betri.

Fundi Barani

Nilijua. Watu wa mkopo nao watakwambia ni pikipiki. Usiguse waya hata mmoja, wala usimruhusu fundi wa kando ya barabara aguse. Ukishafungua, hiyo ndiyo sababu wanayoisubiri.

Bint Mambrui

Pole kaka. Nimesaidia watu kadhaa kuandika barua za namna hii, nitaeleza nilivyoelewa.

Kwanza, Kenya hatuna sheria inayosema chombo kikirudi gereji mara kadhaa lazima upewe kingine. Hayo watu wanayatoa kwenye video za Marekani. Tulicho nacho ni Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara kwa kasoro. Halafu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5: muuzaji anahesabiwa kuwa amekuhakikishia ubora wa kuuzika hata kama hakutamka neno, na kikaratasi cha duka hakiwezi kukufutia hilo. Na ile kongwe, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inadai ubora huohuo kwenye kifungu cha 16. Kwa hiyo waranti ya miezi sita ni nyongeza juu ya haki ambayo tayari unayo. Na unayemdai ni aliyekuuzia. Akikwambia "subiri kiwanda kijibu", hayo ni baina yake na kiwanda.

Sasa njia zako.

Kutengenezewa tena hakuna gharama, ila kuna mtego. Sura ya 31 inasema ukikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa, unahesabiwa umeikubali. Muda huo haukutajwa kwa siku. Hakimu ndiye atakayepima. Ukishahesabiwa umeikubali, kuirudisha kumekwisha, unabaki na kudai fidia tu. Ndiyo maana "ilete tuiangalie" ya mdomo inamfaa meneja kuliko wewe. Kila ukiipeleka, dai jobukadi, karatasi ya kazi ya gereji, yenye tarehe, kilomita, ulicholalamikia na walichobadilisha. Hawana? Andika mwenyewe, mtumie meneja kwa WhatsApp mkiwa mmesimama palepale, na uongeze sentensi: nakubali itengenezwe, lakini sijaikubali pikipiki yenyewe.

Kubadilishiwa watu hukupenda, ila kwa sheria zetu ni jambo la maelewano zaidi kuliko amri. Nyingine ina chesisi nyingine, namba nyingine, logibuku (hati ya umiliki) nyingine, na mwenye mkopo lazima akubali. Kurudishiwa pesa ndiko kunakosimama vizuri zaidi kisheria, lakini muuzaji hukupinga kwa nguvu zote. Mimi ningedai pesa kwenye barua, nikubali nyingine mezani.

Boda Mokowe

Nyinyi wa Malindi mna bahati, duka liko umbali wa kutembea. Mimi kutoka huku mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 za Garsen na Witu. Yangu ilipoanza matatizo nilipiga hesabu ya lori la kuibeba, malazi na siku bila kazi, nikatengeneza kwa fundi wa hapa, nikaiuza. Hasara niliipata, lakini nililala. Sheria ni nzuri kwa mwenye nafasi ya kuifuata.

Bint Mambrui

Kaka yangu wa Mokowe, sikupingi kwa upande wako. Ila yeye hawezi kuuza: mkopo haujaisha na logibuku haiko kwake peke yake. Akiiuza kinyemela atakuwa na kesi mbili badala ya moja.

Niko Leicester

Mimi asili yangu Lamu, naishi Uingereza. Huku kuna Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015. Kitu kikiwa na kasoro una siku 30 za kukirudisha na kupewa pesa zote. Zikipita, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha; ikishindikana, unakirudisha. Na ndani ya miezi sita kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kuuziwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Tofauti na kwenu, tarehe ziko wazi, hakuna kubishana "muda wa kutosha" ni upi.

Lakini msiione ni pepo. Kwa vyombo vya moto muuzaji anaruhusiwa kukata pesa za matumizi, na sheria hiyo ni ya mnunuzi binafsi. Anayenunua kwa ajili ya biashara hayumo.

Mzee wa Steji Ganda

Hapo ndipo nataka kuuliza. Sisi boda tunabeba abiria, ni biashara. Meneja mmoja alishawahi kumwambia kijana wangu: "Wewe si mtumiaji, wewe ni mfanyabiashara."

Bint Mambrui

Mzee wangu, shikamoo. Hoja hiyo wanaipenda. Sheria ya Ushindani ya 2010 inamhesabu mtumiaji kuwa mtu anayenunua bila nia ya kuuza tena, na inamtoa anayenunua kwa kutengenezea bidhaa nyingine. Boda hauzi pikipiki, anaipanda. Na Sura ya 31 haijali kabisa kama mnunuzi ni mfanyabiashara. Kijana wako akiambiwa hivyo tena, aombe aandikiwe. Hawataandika.

Mzee wa Steji Ganda

Marahaba mwanangu. Basi niongeze langu. Kabla ya kwenda popote, kijana azunguke steji: Muyeye, Maweni, hapa Ganda, Gede. Aulize wenye aina hiyohiyo, ya mwaka huuhuu. Kama wengine nao zinakata moto, hapo si bahati mbaya ya mtu mmoja, na kwenda Shirika la Viwango, KEBS, kuna maana. Ofisi ya Mombasa inapokea. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa hajui kuendesha.

Kijana wa Muyeye

Nimeuliza wawili wa Maweni, mmoja yake nzima, mmoja anasema regyuleta ilibadilishwa. Na kuna anayenishauri niende Mamlaka ya Ushindani moja kwa moja. Mahakamani naogopa, wakili simwezi. Na je, nikisimamisha mkopo mpaka wanitengenezee?

Bint Mambrui

Mkopo usiusimamishe! Hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Aliyekukopesha si aliyekuuzia, na mkataba wake una kipengele cha kuchukua chombo ukichelewa. Wataizima kwa traka, wataibeba, na ushahidi wako utakuwa yadi ya watu. Wapelekee nakala ya malalamiko, waombe waandike kuhusu traka yao. Ikiwa mkataba ni ule ambao chombo kinabaki mali yao mpaka umalize awamu, kuna sheria ya ununuzi wa namna hiyo (hire purchase), Sura ya 507: ukishalipa theluthi mbili hawakuchukulii bila kwenda mahakamani. Lakini mikopo mingi ya boda siku hizi haikuandikwa hivyo, soma karatasi yako.

Mamlaka ya Ushindani haitozi kitu na malalamiko unatuma kwa simu, ukiwa kijiweni. Ubaya ni kwamba makao yao makuu yako Nairobi, na wanatazama zaidi tabia ya muuzaji sokoni kuliko mfuko wako. Itumie kama shinikizo: muuzaji akiona nakala imekwenda huko, lugha hubadilika.

Mahakama usiiogope. Ya madai madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai mpaka shilingi 1,000,000. Pikipiki zetu hazifiki hata nusu. Unajisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili, masharti makali ya ushahidi hayatumiki, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kuifungua. Zinapitiliza wakati mwingine, sitakudanganya. Nenda rejista ya mahakama hapa Malindi uulize dai lako linafunguliwa dirisha gani, watakuelekeza na fomu. Kabla ya hapo hakikisha barua ya madai imefika dukani: siku kumi na nne, pesa au pikipiki nyingine, pamoja na mapato ya siku ilizolala gereji. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Boda Mokowe

Mapato ya siku atayathibitisha vipi? Boda gani anaandika daftari?

Mzee wa Steji Ganda

M-Pesa. Wateja wengi hulipa kwa simu. Atoe taarifa ya miezi hiyo, siku zilizo kavu zilinganishwe na jobukadi.

Niko Leicester

Hiyo ni nzuri kuliko ushauri niliolipia huku.

Kijana wa Muyeye

Basi naandika barua kesho, ya pesa, nakala kwa watu wa mkopo. Lakini meneja akishikilia ni traka, mimi nitajibu nini? Sina ujuzi wa umeme.

Fundi Barani

Waombe watu wa mkopo wamtume fundi wao, traka ichomolewe mbele ya meneja, betri ipimwe ikiwa na traka na bila traka. Nitakuja na mita yangu. Nikishaona namba nitakuandikia karatasi na kuweka sahihi, na kama ni traka kweli nitaandika traka. Sikuandikii unachotaka wewe. Piga picha mita ikiwa kwenye betri, saa ya simu ionekane.

Bint Mambrui

Na iwe kabla ya waranti kwisha, si baada. Tuma rasimu ya barua hapa, nitaipitia usiku.