Visima vitakatifu: viwekewe kibao cha onyo au viachwe?

Mleta mada: Wakuu, Ulaya visima vya uponyaji vimejaa: Lourdes kule Ufaransa, Holywell kule Wales, na vingine vidogo vijijini. Watu wanaosha macho, wanakunywa. Mimi nasema maji yasiyopimwa yawekewe kibao. Imani sawa, ila kuhara hakuchagui dhehebu.

MtiMkavu: Kuhara? Ndiyo heshima hiyo? Lourdes kuna ofisi ya madaktari tangu 1883. Kesi za uponyaji elfu saba na ushee zimepelekwa, Kanisa Katoliki limekubali sabini na kitu tu kuwa miujiza. Hao ndio wa kudanganywa kirahisi?

Kipimajoto: Sabini kwa elfu saba, umenipigia hesabu mwenyewe. Na Bernadette, yule binti aliyeifukua chemchemi ya Lourdes 1858, alikufa kwa kifua kikuu, miaka 35.

MtiMkavu: Mganga hajigangi. Hukufundwa?

Kipimajoto: Methali haipimwi maabara, mkuu.

BintiSera: Mnagombana bure. Mimi nilifika Munlochy, Ireland. Unachovya kitambaa kisimani, unapangusa panapouma, unakifunga mtini. Kikioza, ugonjwa nao umekwisha. Basi nikakuta soksi ya nailoni inaning'inia, rangi bado inawaka! Huyo ugonjwa wake atazikwa nao.

Kobe: Munlochy ni Scotland, dada.

BintiSera: Nilikwenda mimi au ulikwenda wewe?

Kobe: Ulikwenda wewe, Scotland. Ireland nako miti ya vitambaa ipo, ila si hiyo. Na wazee hawakuwa wajinga: walifunga sufu na kitani, vitu vinavyooza. Hata maji, baadhi yana madini ya chuma. Mwenye upungufu wa damu akiyanywa muda mrefu anaweza kupata nafuu ya kweli.

MtiMkavu: Kwa hiyo muujiza umegeuka msumari uliolowekwa? Kinachohesabiwa ni nia. Hata nailoni.

Kobe: Kama ni nia, kitambaa cha nini? Si afunge nia mtini.

Kipimajoto: Na poliesta je? Nina jezi ya zamani na goti linaniuma.

BintiSera: Hilo goti utalirithisha wajukuu.

Mleta mada: Jamani, kibao?

Kobe: Kiwekwe, ila kifungwe kwa kamba ya katani. Nailoni hapana.

MtiMkavu: Kwanza afute lile neno la kuhara.

BintiSera: Nimeangalia tiketi yangu. Haya, Scotland. Lakini soksi niliiona.