Ngalawa ya Kigombe, kwenye kikundi cha Wajukuu wa Bibi

JUMAPILI USIKU

Mama Aisha: Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa zangu. [Picha] Hii nimeichora leo jioni pale Kigombe, pwani. Tangu nikiwa darasa la sita sijashika penseli kwa ajili ya kuchora. Naomba mniambie kasoro zake, msinionee haya.

Shangazi Zaina: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Mashallah! Nzuri sana!

Rukia Maskati: Mashallah dada. Nimeiona bahari ya kwetu, nimetamani kurudi.

Mama Aisha: Ahsanteni sana. Lakini Shangazi, "nzuri" peke yake hainisaidii. Nimeitazama tangu nirudi, kuna kitu kinanikera na sikioni ni nini. Ngalawa naiona kama imebandikwa tu juu ya karatasi, haimo ndani ya maji.

Bakari: Dada, umetumia penseli gani?

Mama Aisha: Ya Aisha ya shule. HB.

Bakari: Basi hapo pana sababu moja. HB haikupi giza la kutosha. Ukiikandamiza utaichubua karatasi tu, weusi hauongezeki. Tafuta 2B, 4B na 6B. Kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo risasi inavyokuwa laini na nyeusi. Za H ni ngumu, sisi tunazitumia kwenye ramani za nyumba kwa mistari myembamba. Sasa hivi tanga, maji na mchanga vyote vina rangi moja.

Bakari: Halafu niambie, ulichora saa ngapi na ulikaa ukitazama wapi?

Mama Aisha: Saa kumi jioni. Nilikaa chini ya mnazi nikitazama baharini.

Bakari: Kigombe bahari iko mashariki. Saa kumi jioni jua lilikuwa mgongoni kwako. Kwa hiyo ubavu wa ngalawa uliokuwa unautazama ndio uliokuwa ukipigwa na jua, na wewe umeutia giza kuliko kitu chochote kwenye picha. Giza linatakiwa upande wa pili na chini, pale ngalawa inapogusa maji. Hapo ndipo itakapokaa majini.

Mama Aisha: Subhanallah. Ni kweli kabisa. Ule ubavu ulikuwa unang'aa, nakumbuka mpaka nilikunja macho. Nikatia giza kwa sababu nilijua ngalawa ni nyeusi.

Mjomba Kombo: Marahaba mpwa wangu. Nimechelewa, miwani sikuiona. Mimi kuchora sijui ila ngalawa naijua. Hiyo uliyochora haiendi. Nitakueleza usikasirike.

Mama Aisha: Siwezi kukasirika Mjomba. Wewe ndiye niliyekuwa nikikungoja.

Mjomba Kombo: Mlingoti umeusimamisha wima kama nguzo ya umeme. Mlingoti wa ngalawa unalalia omo, yaani mbele, kidogo. Foromali, ule mti unaofungwa tanga juu ya mlingoti, nayo umeifanya fupi. Foromali inaushinda mlingoti kwa urefu, ndiyo inayobeba tanga lote. Ukiifupisha hivyo tanga linakuwa kama kanga iliyoanikwa.

Mjomba Kombo: La pili, mirengu. Ile miti inayokatiza juu ya ngalawa lazima itokeze pande zote mbili, na kila upande una ubao wake wa kuelea. Wewe umechora upande mmoja tu. Ngalawa imechongwa gogo moja la mwembe, nyembamba. Ikiwa na ubao upande mmoja na upepo huo, inapinduka.

Mjomba Kombo: La tatu ndilo kubwa. Upepo wako unatoka wapi? Tanga limejaa kuelekea kushoto, minazi imeinamia kulia.

Bakari: Mjomba! Hilo hata mimi sikuliona.

Mjomba Kombo: Ingekuwa alfajiri ningesema ni umande, ule unaotoka bara na kuwapeleka wavuvi. Lakini saa kumi jioni msimu huu ni upepo wa kusi, hakuna mwingine. Ukitazama bahari, kusi iko mkono wako wa kulia. Tanga umelipatia. Minazi ndiyo umeikosea.

Mama Aisha: Tanga nilichora nikiwa palepale nalitazama. Minazi niliimalizia nyumbani baada ya magharibi, kwa kichwa. Na ule ubao wa pili ulikuwa nyuma ya ngalawa, nikauacha. Mlingoti pia niliunyoosha kwa rula nyumbani nikidhani naupendezesha. Yaani kila mliponigusa ni mahali nilipoacha kutazama! Mimi nilidhani mkono wangu ndio umekufa.

Aisha: Mama jaribu pia kuigeuza picha kwenye simu, kulia iwe kushoto, kama kwenye kioo. Tunafanya hivyo tukichora. Makosa yanatoka yenyewe kwa sababu jicho halijaizoea.

Mama Aisha: Nimeigeuza. Mstari wa bahari umepanda upande mmoja! Ahsante mwanangu.

Shangazi Zaina: Nami niongeze jambo. Hapa Oysterbay sikai mbali na Morogoro Stores, wale wachoraji wa Tingatinga nawapita kila siku. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora mwaka 1968, keshakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo watu wanakula kwa mtindo ule. Wanafunzi wake walijifunza kwa kukaa ubavuni mwake na kutazama. Kwa hiyo usihesabu miaka uliyopoteza.

Mama Aisha: Nimelia kidogo Shangazi. Niliacha kwa sababu mwalimu mmoja aliichana picha yangu mbele ya darasa, akasema naharibu daftari. Hakuniambia kosa la picha lilikuwa nini. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia kosa liko wapi na kwa nini.

Aisha: Bibi nimemsomea yote. Anasema anakumbuka ulivyokuwa ukichora kuku kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Babu alitaka upakwe chokaa, yeye akakataa. Anasema yule kuku alikuwa na miguu mizuri.

Mama Aisha: Sikulijua hilo. Nibusie mkono wake.

ALHAMISI USIKU

Mama Aisha: [Picha] Nimerudi tena leo. Nimepata 2B na 4B, 6B sikuipata. Sikuongeza kitu nyumbani, hata mstari mmoja.

Bakari: Ona tofauti hiyo! Lile giza jembamba chini ya ngalawa ndilo lililoishusha majini. Na ubavu umeuacha karatasi tupu, hapo umethubutu. Bahari ya mbali ipunguze nguvu kidogo, isishindane na tanga.

Rukia Maskati: Sasa upepo nausikia.

Aisha: Bibi anauliza huyo anayeshika usukani mbona amekaa kama yuko barazani. Anasema mwenye usukani mwili wote unaegemea upande unakotoka upepo, na mguu mmoja ameukaza. Babu alikaa hivyo.

Mama Aisha: Kweli yule kijana sikumtazama sana, alikuwa ananiangalia nikaona haya.

Mjomba Kombo: Mlingoti sawa. Foromali sawa. Mirengu nimeihesabu, sawa. Minazi na tanga vimepatana. Lakini joshi umelifunga wapi? Ile pembe ya mbele ya tanga naiona inaning'inia, haijafungwa popote.

Mama Aisha: Hapo ngalawa ilikuwa mbali Mjomba, sikuiona kamba.

Mjomba Kombo: Basi njoo Jumamosi, maji yakiwa yametoka. Ya kwangu itakuwa imelala mchangani, utaizunguka pande zote na kamba utazishika mwenyewe. Mpakie na mama kwenye bajaji. Mimi nitakaa kwenye usukani, yeye atakwambia kama nimekaa kama mzee wake.

Aisha: Bibi anauliza mtoke saa ngapi.