Leza ya kutoa ndevu kidevuni, kwa ngozi nyeusi ni salama kweli?

Binti_Kigamboni:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa anayejua maana hili jambo linaninyima raha kabisa. Nina ndevu kidevuni mpaka shingoni, si zile laini za kila mtu, ni nywele ngumu nyeusi, zilianza nikiwa chuo na sasa zinazidi. Nazing'oa, nikichoka napiga wembe, siku mbili tatu vipele hivyo, vikipona vinaacha madoa, saa hizi kidevu kimekuwa cheusi kuliko uso mzima na napaka poda nene hata nikienda dukani tu. Kuna saluni hapa Dar wanatangaza ofa ya leza "unatoa mara moja hazirudi tena", bei rahisi sana, nikapiga simu wakasema njoo hata leo. Dada yangu ananiambia leza ni ya wazungu, sisi inatuunguza. Ukweli ni upi? Na madoa je, nichukue zile krimu za kuchanganya Kariakoo? Naombeni majibu ya uzoefu, matusi hapana.

UmmuTariq_Msa:
Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa na nakwambia usiende kwa hiyo ofa. Mimi nilifanyiwa kwa duka moja la urembo huku, sitalitaja, hawakuniuliza ngozi yangu inakuwaje, hawakujaribu pahali padogo kwanza, moja kwa moja wakaanza. Nilisikia moto nikawaambia, wakanijibu vumilia urembo una gharama. Kesho yake malengelenge, baadaye mistari myeusi shavuni imekaa miezi na miezi. Nilipoenda kwa daktari wa ngozi ndiyo nikaelezwa ile haikuwa hata leza, ilikuwa IPL, ule mwanga mkali wa kumweka, na kwa weusi wangu ule haukufaa kabisa. Ukisikia maumivu ya kuungua waambie wasimamishe na uondoke, usione haya, uso ni wako.

NesiWaNgozi:
Binti, nafanya kazi kliniki ya ngozi, ngoja nikueleze taratibu maana hapa watu wengi wanaumia kwa kutojua. Leza inafanya kazi kwa kutafuta rangi nyeusi iliyo ndani ya unywele, mwanga unageuka joto linaharibu shina. Sasa ngozi yetu nayo ina rangi hiyohiyo, kwa hiyo mashine isiyofaa inapeleka joto kwenye ngozi kabla halijafika kwenye shina, hapo ndipo mtu anaungua. Ila kusema leza ni ya wazungu tu si kweli! Kuna inaitwa Nd:YAG, mawimbi yake ni nanomita 1064, inazama chini zaidi na ngozi ya juu inanyonya kidogo, hiyo ndiyo inayopendekezwa kwa mtu mweusi. Ukipiga simu uliza jina la mashine, wakikwambia tu "ni ya kisasa" au hawajui, kata simu. Uliza pia nani anashika mashine na daktari yuko wapi ukipata shida, halafu wakujaribishie sehemu ndogo, usubiri wiki mbili hivi uone, maana ngozi nyeusi doa linaweza kuchelewa kujitokeza. Mtu anayekwambia njoo leo tumalize leo huyo hakufai.

Na hiyo ya mara moja ni uongo. Nywele haziko kwenye hatua moja zote, leza inakamata zile zinazokua wakati huo, ndiyo maana watu wanafanya mara 6 mpaka 8, kila baada ya wiki 4 hadi 6, na hata hapo zinapungua na kulainika zaidi kuliko kuisha kabisa, hasa kidevuni. Kuna wachache zinaongezeka pembeni, uambiwe hilo mapema. Ukianza acha kung'oa na waksi, maana ukitoa shina leza haina cha kukamata, kunyoa ruksa.

Krimu za Kariakoo za kuchanganya naomba uziache kabisa mdogo wangu. Mkorogo mwingi una haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Utang'aa mwezi mmoja au miwili, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukipigwa leza juu ya ngozi iliyochoka hivyo ndiyo balaa. Yale madoa yanatokana na vipele, vipele vinatokana na nywele kujikunja kurudi ndani, kwa hiyo ukitibu doa na huku unaendelea kung'oa hutamaliza. Anza na krimu ya kukinga jua kila asubuhi, ile yenye rangi ni nzuri zaidi.

Shangazi_Moro:
Mimi nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza, siku zako zinakuja vizuri? Maana ndevu ngumu zinazozidi mara nyingi ni homoni, mimi niligundulika na PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika inayohusisha ovari, baada ya kuhangaika na nyuzi na waksi miaka mingi, hakuna saluni hata moja iliyowahi kuniambia nikapime. Nenda hospitali wakupime homoni, sukari na altrasaundi ya ovari KABLA hujatoa hela ya leza, la sivyo unalipa huku homoni zinaotesha nyingine. Na kama uko mkoani usidhani lazima Muhimbili, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi toka 1992, waliopitia pale utawakuta mikoa mingi.

Binti_Kigamboni:
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Shangazi siku zangu zinaruka, wakati mwingine miezi miwili haziji. Na kitu sikusema, tuko kwenye kutafuta mtoto mimi na mume wangu. Kuna rafiki ana vidonge vya spironolaktoni vinamsaidia ndevu, anataka kunigawia.

NesiWaNgozi:
Hapana, usivimeze! Spironolaktoni inazuia homoni za kiume na mtoto wa kiume tumboni inaweza kumharibia maumbile, haitumiki kwa mtu anayetafuta ujauzito. Vilevile tretinoini, ile dawa ya kupaka ya chunusi na madoa, na haidrokwinoni kaa mbali nazo kwa sasa. Kwa madoa mwulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, hiyo hata wajawazito wanapewa, inafanya kazi polepole lakini inafanya. Na hizo siku kuruka pamoja na kutafuta mtoto, anza na daktari wa wanawake wiki hii, leza ifuate baadaye, na ukishika mimba kliniki nyingi zitakwambia usubiri ujifungue kwanza. Kwa sasa nyoa kwa wembe mpya kufuata nywele zinakolala, usikwangue, lowesha kwanza na maji ya uvuguvugu. Kipele kikitoka usikitumbue.